Diski ya laptopu yahamia mezani

Kijana wa jirani alinijia jioni na mfuko wa mkate. Ndani ya mfuko mlikuwa na diski ya laptopu, imezongwa kipande cha leso kama mtu aliyebeba yai. Laptopu yenyewe ilimwagikiwa chai ya maziwa. Fundi akaifungua, akatikisa kichwa, akaichomoa diski na kumrudishia. "Ami, hii itaingia kwenye desktopu ya baba?" Baba yake ana kibanda cha kuchapa na kupiga kopi karibu na Mwembe Tayari, hapa Mombasa, na kompyuta anayotumia ni ile ya mezani iliyostaafu ofisini huko ughaibuni, zile tunazoziita ex-UK.

Nikamwambia itaingia, hata kabla sijaishika. Jibu lilikuwa sahihi na halikumsaidia kitu, kwa sababu swali lake lilikuwa maswali manne yaliyovaa kanzu moja. Mdomo wa diski unalingana na waya wa mashine? Umeme wake ni uleule? Windows iliyomo itawaka kwenye mwili mgeni? Na zile picha na kazi za chuo zitasomeka? Mawili ya kwanza huisha kabla kahawa haijapoa. Mawili ya mwisho ndiyo huwaliza watu.

Tuanze na jepesi. Diski ya laptopu huitwa ya inchi 2.5 na ya mezani ya inchi 3.5. Namba hizo hukaribia ukubwa wa sahani zinazozunguka ndani, ndiyo maana ukipima kwa rula nje huzipati popote. Ile ndogo ina upana wa milimita 70 hivi na urefu wa 100, na unene wake huwa milimita 9.5 au 7. Kubwa ina upana wa milimita 101. Kwa hiyo ndogo ikiwekwa kwenye kitanda cha kubwa inaogelea, na diski inayozunguka haitaki kuogelea. Kuna fremu za bati au plastiki za kuziba pengo hilo, bei yake ndogo. Diski unaweza kuisimamisha, kuilaza au kuigeuza ubavu, haina neno, mradi haichezi na ule ubao wa saketi ulio chini yake haugusi chuma cha kasha. Kama ni SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, hata gundi ya karatasi inatosha.

Skrubu zitazame. Diski ndogo hutumia skrubu ya M3, yenye meno laini. Diski kubwa hutumia nene zaidi, ya vipimo vya Kimarekani. Zikiwa kiganjani zinafanana, na mwenye haraka huikaza ile nene kwa nguvu mpaka tundu la diski likafa.

Sasa mdomo. Kama laptopu ni ya kuanzia mwaka 2008 hivi, diski yake ya inchi 2.5 karibu hakika ni ya SATA, na hapo una bahati. SATA ina ndimi mbili zenye umbo la herufi L: fupi ina mistari 7 ya data, ndefu ina mistari 15 ya umeme. Ndimi hizo ni zilezile kwa laptopu na kwa mezani. Ndani ya laptopu diski husukumwa moja kwa moja kwenye soketi inayozishika zote mbili kwa pamoja. Kwenye mezani unaleta waya mbili, wa data kutoka madabodi, ule ubao mkuu wa mashine, na wa umeme kutoka pawa saplai. Basi.

Ila baadhi ya laptopu huivisha diski kofia: kipande chembamba cha plastiki kilichokaa juu ya ndimi, chenye mdomo wa ajabu usiofanana na waya wowote. Nimeona watu wakizunguka madukani wakitafuta adapta ya mdomo huo. Kofia inavuliwa. Ivute taratibu kwa kucha pande zote mbili, utakuta SATA ya kawaida chini yake.

Kama badala ya ndimi unaona sindano, safu mbili, jumla 44, hiyo ni IDE ya zamani. Ya mezani ilikuwa na sindano 40 na umeme wake ukaja kwa waya mwingine. Ya laptopu ilibeba umeme humohumo. Madabodi za leo hazina nafasi yake. Nunua kigeuzi cha kwenda USB, toa vilivyomo, kisha iache ipumzike.

Na kuna kile kijiti kisichofanana na diski, kama bapa la ubani, upana milimita 22 na urefu mara nyingi 80. Hicho ni M.2, na hapa ndipo hata mafundi wanachanganyikiwa, kwa sababu mdomo mmoja unabeba koo mbili. Vijiti vingine vinazungumza SATA, vingine NVMe, lugha ya kasi inayopitia njia ileile ya kadi za michoro, iitwayo PCIe. Chenye mikato miwili pembeni mara nyingi ni SATA, chenye mkato mmoja mara nyingi ni NVMe, lakini usibuni: soma kibandiko. Cha SATA kinaweza kuvalishwa kasha la inchi 2.5 na kuingia mashine yoyote yenye SATA. Cha NVMe, kama madabodi haina tundu lake, kitahitaji kadi ya PCIe, na desktopu kongwe nyingi zitakubali kukitumia kama ghala ila zitagoma kuwaka kutoka humo. Laptopu ndogo za bei rahisi nazo huwa hifadhi yake imelehemiwa kwenye madabodi. Hapo hakuna cha kuchomoa.

Umeme hauna makuu. Diski kubwa ya mezani inakula volti 12 kwa ajili ya mota na volti 5 kwa saketi. Ya laptopu inakula volti 5 peke yake, na kibandiko chake mara nyingi kitakuonyesha chini ya ampia moja. Pawa saplai ya mezani haitahisi kwamba mgeni amekuja. Shida ni kupata waya wa kumletea. Zile ex-UK ndogo zimepimwa kama nguo ya kushonesha: waya wa diski moja, waya wa DVD, kwisha. Mtu hufikiri ataazima waya wa DVD, na ikiwa DVD ni ile nyembamba, ulimi wake wa umeme una mistari 6 badala ya 15, hauingii. Itabidi ununue waya wa kugawa njia. Ukiuziwa ule wa kugeuza kutoka pini nne za zamani kwenda SATA, tazama kichwa chake. Vile vilivyomiminwa plastiki nzimanzima vina sifa mbaya ya nyaya kugusana ndani na kuungua. Bora vile ambavyo unaona kila waya umebanwa peke yake.

Kabla ya yote hayo zima ukutani, na vua waya wa umeme.

Watu huniuliza kuhusu kasi. "Mashine yangu ina SATA 2, si itaizuia?" SATA 2 inapitisha takriban megabaiti 300 kwa sekunde, SATA 3 takriban 600. Diski ya laptopu inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, ikijitahidi na faili moja kubwa, inafika kama 100. Ni mkokoteni kwenye barabara ya njia sita. Kinachoichosha ni kurukaruka: kila inapotafuta faili lingine mkono wake unasogea, na msogeo mmoja unakula milisekunde 12 hivi, wakati SSD inahitaji sehemu ya kumi ya milisekunde moja. Ndiyo maana SSD iliyotoka kwenye laptopu, hata ukiiweka kwenye SATA 2, itaifufua desktopu ya mzee, na diski ya kuzunguka ya 5,400 haitaifufua. Huyo aliyezoea mashine yenye diski ya 7,200 ataona hata imerudi nyuma.

Sasa twende kwenye kilio.

Diski huhama. Windows iliyomo ndani yake ilijengewa nyumba nyingine. Inaijua chipu ya laptopu ile, inajua jinsi laptopu ile ilivyoiongoza diski, na inajua njia ile iliyotumika kuiwasha. Ukiiamkia kwenye mashine nyingine inaweza kuzinduka na kujipanga upya, maana Windows 10 na 11 ni wepesi kuliko wazee wao. Inaweza pia kukupa skrini ya buluu ikilalamika kwamba haiioni diski ambayo yenyewe imelala juu yake. Mara nyingi sababu ni mpangilio mmoja ndani ya BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya Windows: laptopu iliiendesha diski kwa njia iitwayo AHCI na desktopu imewekwa ile iitwayo RAID, au kinyume chake. Sababu nyingine ni namna ya kuwasha. Laptopu za karibuni huwaka kwa UEFI, mrithi wa BIOS, na diski zake zimegawanywa kwa jedwali la GPT. Desktopu ya zamani inajua BIOS ya kale na jedwali la MBR, lile lisiloweza kuona zaidi ya terabaiti 2. Hao wawili hawasalimiani, na skrini itasema tu hakuna cha kuwasha, uape kwamba diski imekufa na haijafa.

Halafu iko leseni. Windows iliyokuja na laptopu kutoka kiwandani imefungwa na madabodi ya laptopu hiyo. Ukiihamisha itawaka, na baadaye itaanza kukudai. Linux haina mambo hayo. Hubeba draiva zake nyingi ndani ya kiini, na mara nyingi ukiihamisha inawaka kama haikuhama.

Maoni yangu ni haya: usihangaike kuwasha kutoka diski ya laptopu. Iache diski ya mezani iendelee kuwasha, na ya laptopu iwe ghala la pili. Hata hivyo ingia BIOS mara ya kwanza uhakikishe ile ya zamani ya mezani iko mbele kwenye foleni ya kuwasha, la sivyo mashine inaweza kumchagua mgeni, mgeni akaamka hajui alipo, akaanza kujikarabati usiombe.

Diski imeunganishwa, Windows ya mezani imewaka, na kwenye orodha ya diski haionekani. Bado usilie. Pengine haijapewa herufi, jambo la dakika moja kwenye sehemu ya kusimamia diski. Au inaonekana, lakini ukifungua folda ya mwenyewe unaambiwa huna ruhusa. Hiyo si kufuli. Folda imeandikwa jina la mtumiaji wa laptopu, na mtumiaji huyo kwenye mashine hii hayupo. Msimamizi wa mashine akikubali, ruhusa inabadilishwa na folda inafunguka. Tafakari maana yake: lile nenosiri ulilokuwa ukiandika kila asubuhi halikuyalinda mafaili yako hata siku moja dhidi ya mtu mwenye bisibisi. Ukiuza laptopu mbovu "kwa vipuri" pale Kongowea na diski iko ndani, umeuza na picha za harusi. Kufomati kwa haraka nako, kwenye diski ya kuzunguka, hakufuti. Kunachana orodha ya yaliyomo, kurasa zikabaki.

Kuna ujumbe mmoja ambao nauogopa kuliko ule wa buluu. Ni ule unaosema kwa upole kwamba diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, au lile neno Initialize likikusubiri ubonyeze. Windows haisemi diski ni tupu. Inasema haielewi kilichomo, na kutoelewa kuna sababu nyingi: diski ilikuwa ya Linux, au ya Mac, au jedwali lake limeharibika kidogo. Mimi niliubonyeza ujumbe huo miaka ya nyuma, diski ya Linux, yangu mwenyewe, saa sita usiku, nikiwa nimechoka na nina hakika. Mpaka leo sina picha hata moja ya marehemu nyanya akiwa amesimama.

Kufuli la kweli ni jingine. Laptopu nyingi za Windows 10 na 11, mtu akiingia kwa akaunti ya Microsoft, husimbwa zenyewe bila kumwuliza, yaani vilivyomo vinageuzwa visisomeke bila ufunguo. Ufunguo unawekwa kwenye chipu ya usalama iliyo kwenye madabodi, na kila asubuhi chipu inafungua mlango kimyakimya, mwenye mali hajui kwamba una kufuli. Siku diski inapohama, chipu inabaki kwenye laptopu iliyokunywa chai. Diski inaonekana na alama ya kufuli, na inaomba ufunguo wa tarakimu 48. Laptopu za Mac za miaka ya karibuni ndiyo kabisa, hifadhi imelehemiwa na ufunguo umo ndani ya chipu. Madabodi ikifa, vilivyomo vimekwenda nayo.

Tarakimu hizo 48 kwa kawaida huwekwa kwenye akaunti ileile ya Microsoft. Mwenye akaunti akiingia kwa simu yoyote anazikuta. Zisipokuwepo huko wala kwenye karatasi popote, hakuna fundi, si wa Moi Avenue si wa mwezini, atakayeifungua. Anayekwambia ataifungua kwa elfu tano, shika mfuko wako.

Kabla hujaiamini diski hiyo na kitu chochote, isomee afya. Kila diski hujiandikia daftari liitwalo SMART, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo inalifungua. Mistari ni mingi, mimi husoma minne. Saa za kuwaka: mwaka mzima bila kuzima ni saa 8,760, kwa hiyo ukiona 20,000 huyo ni mzee. Sekta zilizohamishwa: sehemu mbovu ambazo diski imekwisha kuzikimbia. Sekta zinazosubiri: sehemu ambazo imeshindwa kuzisoma na haijaamua la kufanya, hii ikiwa zaidi ya sifuri nakili vitu vyako leo. Wa nne ni makosa ya CRC, data iliyoharibika njiani, ambao mara nyingi hauisemi diski, unausema waya. Badilisha waya wa data kwanza.

Na ikiwa inagonga, tak-tak-tak, kwa mpigo, usiendelee kuiwasha na kuzima ukitumaini. Kama vilivyomo vina thamani, iache. Kama bado inasomeka kwa kusuasua, programu ya ddrescue kwenye Linux huchota kwanza yanayosomeka kwa urahisi na kurudi baadaye kwenye magumu. Mpangilio huo ni wa busara, maana hujui imebakiwa na pumzi ngapi.

Jambo ambalo sijamsikia mtu akilizungumza ni tabia. Diski ya laptopu ilifunzwa kuokoa betri, kwa hiyo ikikaa kimya sekunde chache huegesha vichwa vyake vya kusomea. Nyingi zimekadiriwa kuvumilia maegesho 600,000, idadi ambayo kwenye laptopu haikutishi. Kwenye desktopu ya kibandani, inayowaka kutwa na kila dakika ina kitu kidogo cha kuandika, hesabu hiyo inapanda. Kwenye Linux programu ya hdparm inaweza kuituliza. La pili ni stima. Laptopu ikiwa na betri nzima, diski yake haikuwahi kuonja giza: umeme wa mtaa ukikatika, yenyewe haijui. Umeihamishia mezani umeinyang'anya betri. Sasa stima ikienda katikati ya kuandika, vichwa vinavutwa kwa ghafla na faili linabaki nusu. Baba wa kijana ana UPS, betri ya akiba, ya kumwezesha kuzima kwa utaratibu. Asingekuwa nayo ningemwambia anunue hiyo kwanza, diski baadaye.

Na bahari ituhurumie. Hewa ya hapa ina chumvi na unyevu, na desktopu inaivuta kutwa nzima kwa feni. Diski iliyokaa droo miaka mitatu huko Mji wa Kale hutoka na ndimi zilizofifia. Zipanguse kwa spiriti safi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Diski nyingi za kuzunguka zina kitundu cha kupumulia kwenye mfuniko, wakati mwingine kimeandikwa kisizibwe. Mtu mmoja alikiziba kwa gundi ili chumvi isiingie. Ndani yake mna kichujio tayari, na tundu lina kazi ya kusawazisha hewa. Ukiitoa diski kwenye ofisi yenye AC kali ukaingia nayo kwenye joto la mtaa, iache kama saa moja kabla ya kuiwasha, jasho likauke.

Diski ya kijana ilikuwa ya SATA, saa 6,100, sekta mbovu hakuna. Fremu, waya wa kugawa njia, skrubu nne za M3. Ikaonekana mara moja, na kufuli juu yake. Laptopu ilikuwa ya dada yake kabla ya kuwa yake, na dada yuko Doha kazini. Tukampigia. Akaingia kwenye akaunti yake ya zamani, akatusomea namba kwa WhatsApp, makundi manane ya tarakimu sita sita, kelele za barabara nyuma yake. Kijana akaandika. Mashine ikakataa. Akaandika tena, ikakataa.

Makundi hayo yana siri moja nzuri: kila kundi, likiwa sahihi, hugawanyika kwa 11 bila baki. Nikatoa simu, nikafungua kikokotoo, nikayagawanya moja baada ya jingine. La kwanza sawa, la pili sawa. La tano likabakisha. "Hebu mwambie alisome tena hilo, polepole."

Dada alisema tisa. Kijana alikuwa ameandika sita.